Mbeleko ya Kangaruu

Nyumbani kwetu, kitu chochote cha pamba ambacho hakijavaliwa na mtu kwa wakati huo kinahesabiwa kuwa mali ya wanyama. Shuka zimekwenda. Foronya zimekwenda. Kikoi changu cha kulalia kilianuliwa kikiwa bado kibichi, na nilipouliza kilipo, mama mkwe alinijibu kwa ule upole wake usiojibika: "Baba, si una vingine?"

Tunaishi Albury, mji wa Australia ulio kando ya mto Murray, upande wa jimbo la New South Wales. Ukivuka daraja tu umeingia Wodonga, na hapo ni jimbo la Victoria. Kazi ndiyo iliyotuleta. Mama mkwe aliletwa na mjukuu: alitoka Tanga kuja kumlea mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, akiwa na udi, kanga na vile viungo ambavyo maafisa wa uwanja wa ndege walikubali vipite. Arobaini ikaisha salama. Mzazi akanawiri, mtoto akanenepa, na viza ya mama mkwe ikawa bado ina miezi ndani yake. Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Fikiria mwanamke aliyezoea Ngamiani kule Tanga, ambako kabla chai haijachemka umeshapigiwa hodi mara tatu na umeshajua nani kaposwa na nani kaachwa. Mkalishe kwenye kochi, mbele ya dirisha, atazame barabara isiyopita mtu. Siku za mwanzo alifuma. Akafuma vitambaa vya makochi yote, vyenye maua katikati na mapindo ya mawimbi. Akahamia mezani, kisha juu ya televisheni, kisha juu ya friji. Mashine ya kufulia ikapata kitambaa chake, na kila ikianza kukamua nguo kitambaa kikawa kinatembea hadi sakafuni. Siku nilipomkuta anaupima kwa shibiri usukani wa gari langu, nilimwambia mke wangu kwamba mama anahitaji watu.

Watu wakapatikana penye mapipa ya taka. Jirani yetu ni bibi mstaafu ambaye kwa muda mrefu tulimjua kwa salamu za mkono tu, na tulikuwa tumezoea kumwona na mfuko mkubwa wa kitambaa umening'inia kifuani. Sisi tulidhani ni mkoba. Mama mkwe, aliyekuwa na mjukuu mgongoni ndani ya mbeleko, akautazama ule mfuko kwa jicho la mtu wa kazi moja. Mkoba hautikisiki wenyewe. Akasogea, akachungulia. Ndani kulikuwa na mguu mrefu mwembamba, sikio, na jicho jeusi linalomtazama.

"Subhanallah," alisema. "Huyu mama kazaa nini?"

Alikuwa mtoto wa kangaruu wa kijivu wa mashariki, aina iliyojaa pande zetu. Kangaruu hutoka kula jioni na alfajiri, saa zilezile ambazo watu wanakwenda na kurudi kazini, na kila asubuhi barabara za nje ya mji zina mizoga. Jike anapogongwa, mara nyingi aliyemo mfukoni hupona, kwa sababu mwili wa mama yake ndio uliopokea pigo. Kwa hiyo madereva huambiwa wasimame, kama pana usalama, waangalie mfuko wa mnyama aliyekufa kisha wapige simu kwa waokoaji. Na wasimvute mtoto kwa nguvu. Titi la kangaruu huvimba ndani ya kinywa cha kichanga hadi likawa kama limefungwa humo. Anayelivuta anaweza kuumiza kinywa kizima. Waokoaji hulikata titi la mama aliyekwisha kufa, wakamwacha mtoto alitoe mwenyewe baadaye.

Mke wangu alitafsiri haya yote pale penye mapipa, takataka mkononi. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Hana shangazi?"

Tangu siku hiyo uzio ukawa haupo. Kwa Jirani kulikuwa na watoto wawili wa kangaruu, mmoja ametundikwa ndani ya mfuko kwenye mgongo wa kiti jikoni na mwingine kwenye kitasa cha mlango. Jirani amefunzwa na ana kibali. Katika jimbo letu huwezi kuokota mnyama wa porini ukamfuga kwako kwa huruma tu. Kwa kawaida unatakiwa uwe mwanachama wa shirika lenye leseni, mfano WIRES, ambalo limefanya kazi hii tangu miaka ya 1980. Mama mkwe, aliyelea watoto saba na wajukuu ambao idadi yao hubadilika kila Eid, alisikitishwa sana na habari ya leseni. "Kulea nako kuna leseni?" Alikubali mwishowe, kwa sharti kwamba kama kulea hakuruhusiwi, basi kushona hakuna atakayemzuia.

Na mifuko ilikuwa inatakiwa kweli. Kangaruu anazaliwa baada ya wiki tano hivi za mimba, mdogo kama punje ya haragwe, hata gramu moja hafiki, akapanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama hadi mfukoni. Huyu wa kijivu hukaa humo karibu miezi kumi na moja. Kwa maneno mengine, asilimia kubwa ya kazi ya mimba inafanyika nje ya tumbo, ndani ya mfuko, na mtu akitaka kuchukua nafasi ya mama lazima aanzie kwenye mfuko. Asiye na manyoya anahitaji joto la nyuzi 32 hivi, mwenye manyoya kama 28. Maziwa ya ng'ombe hayamfai, yanamharisha; anapewa maziwa maalumu ya unga, kidogokidogo, usiku na mchana. Na kila akila anajisaidia, na kila akijisaidia bitana ya mfuko inabadilishwa. Mlezi mwenye watoto wawili anafua kuliko mama wa pacha. Usiku nilipokuwa nikiamka kumbembeleza mwanangu, nilikuwa naiona taa ya jikoni kwa Jirani ikiwaka, nikajua kwamba huko nako chupa inatikiswa.

Basi mama mkwe akaingia kazini. Hakuuliza kipimo wala mfano, fundi haulizi. Akajifungia na uzi wake wa kroshia, na mwishoni mwa wiki akatoka na mifuko ambayo, nasema kwa haki, ingependeza kupelekwa kwenye harusi. Ilikuwa na maua ya majani matano. Ilikuwa na mapindo, na utepe wa kufungia wenye vishada. Ilikuwa pia na matundu, kwa sababu kufuma kwa kroshia ni matundu, uzuri wenyewe umo humo.

Jirani aliitazama kwa muda. Kisha akasema ni mizuri mno, anaogopa mtoto ataiharibu. Mke wangu akatafsiri kwa tabasamu. Mama mkwe hakutabasamu. "Mimi nimeozesha mabinti wanne," alisema. "Mtu akiniambia kitu ni kizuri mno, najua anachotafuta ni njia ya kukirudisha."

Ikabidi ukweli usemwe, na Jirani, kwa busara, hakuusema kwa mdomo. Alimtoa mtoto mmoja mguu wake wa nyuma akauonyesha. Mguu wa kangaruu ni mrefu, una kucha ngumu, na vidole viwili vya ndani vyembamba vimeungana na ngozi moja, kucha mbili zimechomoza mwishoni. Kila tundu la ua ni mtego wa kucha ile. Uzi mmoja uliolegea ukijizungusha kwenye kidole usiku, damu haipiti, na asubuhi mlezi anakuta kidole kimekufa. Kwa hiyo bitana inayogusa mwili iwe pamba tupu, laini, isiyo na tundu. Mshono ugeuzwe mara mbili ili ncha za nyuzi zifichwe, au ukae upande wa nje. Chini kuwe mviringo, maana mtoto anajikunja humo kichwa na mkia pamoja, na pembe za mfuko hazina kazi. Utepe hapana. Vishada hapana. Mfuko wa kufuma unaruhusiwa, ila ukae nje, juu ya bitana, uwe wa sufu halisi inayoshika joto na kupitisha hewa.

Mama mkwe aliusikiliza mguu ule kuliko alivyowahi kunisikiliza mimi. Akarudi nyumbani akanyamaza. Wanaojua watu wa Tanga wanajua kwamba kelele zao hazina shida, ogopa wakinyamaza. Mifuko ya maua ikagawiwa: mmoja ukawa wa vitunguu, mmoja wa rimoti, mmoja wa soksi zisizo na mwenzake. Asubuhi ya pili akaniambia nimtolee cherehani.

Kuanzia hapo pamba ndani ya nyumba ikakosa amani. Tatizo ni kwamba kinachoandikwa pamba dukani si lazima kiwe pamba, na mama mkwe haamini lebo. Ana njia yake ya zamani: unachomoa uzi, unauwasha. Wa pamba unaungua mara moja, unanuka karatasi, unabaki majivu laini yanayopukutika. Ule wa poliesta unayeyuka, unajikusanya, unaacha kidonge kigumu cheusi. Ni kipimo kizuri, ila sheria za hapa zinataka kila nyumba iwe na king'ora cha moshi darini. Shuka zetu za harusi, zilizosifiwa na muuzaji kwa maneno mengi, ziliacha kidonge. King'ora kikalia, mtoto akaamka, mtoto mkubwa akakimbilia nje na viatu vya mama yake kama walivyofundishwa shuleni. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya chumba, kiberiti mkono mmoja na kidonge mkono wa pili, akaninyooshea: "Ulilipa bei ya pamba?"

Sufu nayo ilikuwa na visa vyake. Ilipatikana ya rangi ya ugoro kwenye duka la mitumba, akafuma mfuko wa nje mkubwa, imara, usio na hata tundu moja. Mtu mwenye nia njema (simtaji, tunalala chumba kimoja) akautia kwenye mashine kwa maji ya moto ili uwe safi kabla ya kupelekwa. Sufu ikipigwa maji ya moto na kusukwasukwa, magamba madogo ya kila unywele hushikana na kutoachana tena. Ulitoka mgumu, mnene, ukubwa wa kumweka panya, na panya mwenyewe awe hajala. Nilidhani patakuwa na vita. Mama mkwe aliugeuza, akaukunja, akaugonga mezani ukalia ko! Kesho yake ulikuwa umekuwa kishikio cha sufuria, na mpaka leo hakuna aliyeungua mkono.

Chai ya jioni kwa Jirani ndiyo iliyokuwa shule. Huko ndiko tulikosikia habari za kiangazi cha 2019 kuingia 2020, moto ulipowaka mashariki ya nchi na moshi ukashuka hadi Albury, watu wa milimani wakikimbilia mijini mwetu na magodoro juu ya magari. Ripoti iliyotolewa na shirika la WWF mwaka 2020 ilikadiria kwamba karibu wanyama bilioni 3 walikufa au kupoteza makazi. Dunia ikasikia, dunia ikachukua sindano. Mifuko ikaanza kumiminika kutoka Marekani, Ulaya, Asia, mizigo kwa mizigo, mpaka walioiomba wakalazimika kutangaza mwezi wa Januari 2020 kwamba basi, imetosha. Mwaka 2015 ilikuwa hivyohivyo, shirika la IFAW lilipoomba soksi za pamba za kufunika makucha ya koala walioungua. Mimi nilivutiwa na jambo moja katika ile hesabu ya bilioni 3: zaidi ya bilioni 2.4 kati yao walikuwa wanyama watambaao. Mjusi hana haja na mfuko. Lakini hakuna anayemshonea mjusi kitu, na sijui angeshonewa nini. Mkono wa mtu hufuata macho, na macho hufuata manyoya.

Mama mkwe hakuwa na shida na mijusi. Yeye alishika habari ya Alfie Date, mzee wa Australia aliyefuma sweta za pengwini wadogo wa kisiwa cha Phillip. Pengwini akipatwa na mafuta ya meli huyameza akijisafisha manyoya, yakamwua, hivyo huvikwa sweta mpaka aoshwe. Mzee huyo alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 110, na wakati huo ndiye aliyekuwa mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote walio hai nchini mwake.

"Zaidi ya miaka mia, anafuma," mama mkwe akasema, bila kumtazama mtu.

Nilitazama kikombe changu.

"Mwanamume," akaongeza.

Ndiyo nikawa mkata vitambaa. Nakata kwa karatasi ya mfano, shibiri mbili kwenda chini, moja na nusu kwenda upana, chini mviringo. Jirani anapima kwa sentimita, mama mkwe kwa mkono wake, na tofauti yao ni ndogo mno haikuwahi kuleta ugomvi. Akina mama wa Kongo waliohamia hapa mjini, ambao mama mkwe aliwapata kwa kusikia Kiswahili chao kwenye foleni ya duka, wakaleta vipande vya vitenge. Vingine vilifeli kiberiti. Kanga kuukuu ndizo zilizoshinda zote: pamba, laini kwa kufuliwa, hazina gundi tena. Kasoro yake ni maandishi. Mkasi haujui kusoma, ikawa mfuko mmoja unabeba nusu ya kijembe na mwingine nusu iliyobaki, na mtoto wetu mkubwa akakaa akiiunganisha sakafuni apate kujua anasemwa nani.

Tulikuwa na rundo zuri, limeshonwa vizuri, tayari kupelekwa. Usiku wa kuamkia siku ya kulipeleka, mama mkwe akaona haipendezi kupeleka nguo za mtoto bila harufu. Akawasha mkaa, akatia udi kwenye chetezo, akatandaza mifuko yote juu ya tenga akaifukiza kama zinavyofukizwa nguo za kichanga cha heshima. King'ora kikalia tena. Asubuhi Jirani alifungua mlango, akavuta pumzi, akafumba macho kwa raha, kisha akayafumbua kwa masikitiko. Walezi hawaruhusu manukato. Hata sabuni ya kufulia inatakiwa isiyo na harufu, seuze udi. Mifuko yote ikarudi kwenye maji, na Julai ya Albury si ya mchezo: unaanika asubuhi, jioni unaanua barafu.

Jioni ileile, kamba ikiwa imejaa mifuko mibichi, Jirani akagonga. Dereva wa lori alikuwa amemletea mtoto mwingine wa kangaruu, mdogo kuliko wale wawili, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza. Aliyemwokota kabla yake alimpa maziwa ya ng'ombe kwa mapenzi, na sasa anaharisha. Bitana zote za kwake zimechafuka, ya mwisho amemvulia sasa hivi. Alikuwa amemkumbatia ndani ya koti lake, na sote tukanyamaza, maana tumefundishwa kwamba kangaruu anaweza kufa kwa hofu tu, kelele zikamtosha. Hata mtoto mkubwa, ambaye sijapata kumsikia akinong'ona, alinong'ona.

Mama mkwe alizunguka chumba kwa macho. Kisha akamshusha mjukuu mgongoni, akampa mama yake, akafungua fundo la kifuani.

Kanga ile naifahamu. Niliinunua mimi, mjini Tanga, doti ya rangi ya zambarau, ikapelekwa kwao siku ya kulipa mahari pamoja na mkaja wa mama na kilemba cha baba. Ndiyo mbeleko yenyewe, malipo ya mgongo uliombeba mke wangu. Imefuliwa miaka yote hii hadi imekuwa laini kama pumzi. Mke wangu akafungua mdomo. Mama yake akamwinulia kidole. Mkasi nilikuwa nao mimi, kwa hiyo nikakata. Yeye akashona, mshono umegeuzwa mara mbili, chini mviringo, cherehani inazungushwa kwa mkono pole ili isipige kelele. Jirani akauweka mdomo wa mfuko chini ya pua ya mtoto. Akanusa, akatumbukia kichwa mbele, akapinduka humo ndani, miguu ikabaki juu kwanza, kisha nayo ikazama.

Jirani alikwenda zake akilia na kucheka. Mama mkwe akakaa, akaomba maji, akanywa yote. Kisha akanigeukia.

"Baba, mbeleko yangu imekatika."

"Nimeona, mama. Nitakununulia doti nyingine, hata mbili."

"Doti hununuliwa. Mbeleko hulipwa." Akamwambia mke wangu ampigie mjomba.

Mjomba ndiye aliyesimamia mahari yetu, na ni mtu asiyepitwa na kikao. Tanga ilikuwa mchana. Akaelezwa tangu mapipa ya taka hadi mkasi, akacheka mpaka akakohoa, kisha sauti yake ikabadilika ikawa ya kazi. Akauliza huyo mjukuu ni wa kike au wa kiume. Akauliza ana umri gani, na kama mgongo wa dada yake umembeba, nikajibu kwamba kwa sheria za hapa hauruhusiwi, hana leseni. Akasema hilo ni la serikali, yeye anahesabu kanga. Akataja bei ya mbeleko. Nikasema hiyo ni bei ya binti mzima mwenye cheti cha ualimu. Akasema basi tuongeze na mkaja, maana desturi haziji moja moja. Nikamwambia mkaja ni wa tumbo lililobeba mimba, na aliyembeba huyu amelala barabarani nje ya mji. Mjomba akanyamaza kidogo, akamnong'oneza mtu aliye pembeni yake, akarudi kwenye simu akapunguza elfu ishirini.